Kishungi cha Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa kishungi! Mimi, mwosha vichwa, mfagia nywele, mpasha chuma wa miaka miwili! Nimerudi nyumbani kifua mbele, na nimefungua daftari hili makusudi ili masika haya yote yaandikwe.

Nieleze vizuri, nisije nikalisoma uzeeni nikabaki kujishangaa. Saluni ya shangazi ina viti viwili. Cha ndani ni chake mwenyewe. Cha dirishani kiko wazi tangu fundi wake wa zamani aolewe akahama mji. Kwenye fremu ya mlango kuna kipande cha nywele za shangazi, urefu wa shibiri moja, kimebanwa kwa pini, na kando yake kuna mistari mitano ya penseli ya wanja. Ndicho kishungi. Kila asubuhi ya masika kinaoshwa, kinakaushwa, kinanyooshwa kwa chanuo la chuma, halafu saa mbili kinatundikwa. Kikinyooka sawasawa, ncha inagusa mstari wa tano, wa chini kabisa. Hewa ikiwa na unyevu kinajikunja na kupanda. Saa tatu tunakisoma. Mstari wa tano au wa nne, chuma kinaingia motoni na wateja wananyooshwa. Wa tatu, tunamwuliza mteja anakwenda wapi. Wa pili au wa kwanza, chuma kinalala, tunasuka tu, hata aje mke wa waziri.

"Redio itakudanganya," shangazi ameniambia, "lakini unywele hauna mjomba."

Na ni cha mwisho. Tangu mwaka jana shangazi ananyoa kichwa chote, kwa hiyo hakuna pengine pa kukata. "Kitunze mpaka masika yaishe, binti yangu, na kile kiti cha dirishani ni chako."

Kiti changu! Nimekikalia wateja walipotoka. Nimezunguka nacho mara tatu.

Jumanne, 4 Machi

Mstari wa nne. Tumenyoosha vichwa vinne. Changu hakihesabiwi: asubuhi nilizibana nywele kwa vibanio kumi na viwili, kufika saa nne vitatu vimeruka, kimoja kimetua kwenye chai ya mteja. Dada wa Kucha, yule anayepaka rangi kwenye meza ya kona, kanipa jina. Mwavuli.

Jumatano, 5 Machi

Mstari wa pili. Tumesuka mpaka vidole vikafa ganzi.

Ijumaa, 7 Machi

Wa pili tena. Wale wa saluni ya ng'ambo ya barabara wananyoosha, mvua inyeshe isinyeshe. Tumewaona wateja wao wakitoka na nywele kama hariri, na tumewaona wakipita jioni kurudi nyumbani. Dada wa Kucha alicheka mpaka akapaka rangi kidole badala ya ukucha.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ameingia Mwalimu. Anafundisha hisabati na anaongea kama anasahihisha. Ana nywele nyingi, nzito, zinazotaka vita, na anaolewa tarehe 26 Aprili, katikati ya masika! Shangazi alimshauri asuke. Akakataa. Nikamwambia akiziachia zilivyo zitapendeza sana. Akanitazama kichwani, akanitazama usoni.

"Mdogo wangu, nywele hizi nimeishi nazo miaka thelathini na moja. Siku moja tu nataka zilale. Ni kosa?"

Kichwa chake kigumu kuliko nywele zake. Lakini ameweka nafasi mbili: tarehe 22 mwezi huu ya picha za kadi, na harusi yenyewe. Harusi! Shangazi amesema nikikifikisha kishungi salama mpaka siku hiyo, nitashika upande mmoja wa kichwa cha bibi harusi. Sijala, nimeshiba furaha.

Jumatatu, 10 Machi

Mstari wa tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Wa nne. Shangazi ameniachia chuma dakika kumi. Sikuunguza hata unywele mmoja!

Jumanne, 18 Machi

Mstari wa pili. Mvua. Vibanio vilivyoruka: vitano. Rekodi mpya.

Jumamosi, 22 Machi

Mkono wangu unanuka moshi na sijui nianzie wapi.

Nilifika mapema kuliko siku zote kwa sababu ni siku ya picha za Mwalimu. Mbingu safi, ndege wanalia, mimi naimba. Nikaweka chuma jikoni, nikaosha kishungi, nikakikausha. Chuma sikukijaribu. Shangazi hukijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe, ikigeuka rangi unangoja kipoe. Mtoto wa juzi anajua hilo. Mimi nilikuwa kwenye ubeti wa pili wa wimbo wangu. Nikapitisha chuma mara moja, nikasikia kama kitu kinakaangwa, kishungi kikakatikia mkononi. Kipande kilichobaki kwenye pini hakikufika hata mstari wa kwanza.

Nilikata changu mwenyewe kutoka kisogoni, nikakinyoosha haraka haraka, nikakitundika. Kikaanza kupanda papo hapo, kama kimeitwa. Nikasema huu wazimu, nywele zangu zinaruka hata mtu akipiga chafya, shangazi atajua mara moja kwamba si chake. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Ndipo nikavuta uzi mmoja mweusi wa rasta kutoka kwenye pakiti, nikaukata kwa urefu uleule, nikaubana. Nywele za bandia. Plastiki! Ungeitundika ndani ya sufuria inayochemka isingejikunja.

Saa tatu shangazi akavaa miwani, akainama. "Mstari wa tano! Tena umetulia kabisa. Chuma motoni!"

Ningesema pale pale. Mwalimu alikuwa ameshakaa. Sikusema.

Akanyooshwa, akapendeza, akajitazama kwenye kioo akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Saa saba wingu likafunga ghafla. Saa tisa akarudi. Upande wa kulia umelala, wa kushoto umesimama, na mchumba wake nyuma ameshika mwavuli hajui atazame wapi. Saluni imejaa.

"Shangazi, ulinihakikishia."

Shangazi akageuka kwenye mlango. Nje mvua inamwagika, na uzi wangu umetulia kwenye mstari wa tano. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema polepole, "Mwanangu, nisamehe. Kishungi kimezeeka, nami nimezeeka nacho."

"Basi harusi nitawapelekea wa ng'ambo," Mwalimu akasema, akatoka.

Nikafagia palipokuwa pameshafagiwa.

Jumatatu, 24 Machi

Mstari wa tatu, kwa kukisia. Pini nimeisogeza mwenyewe.

Jumanne, 25 Machi

Wa pili, kwa kukisia.

Jumatano, 26 Machi

Kwa kukisia. Shangazi ameniuliza kama namwona anatazama vizuri, au macho yamegoma. Nimesema anatazama vizuri. Hapo tu ndipo sikusema uongo.

Alhamisi, 27 Machi

Mteja wake wa miaka mingi alitaka kunyooshwa. Shangazi alikishika chuma, akakitazama, akakirudisha. "Nenda ng'ambo, mama. Mimi siku hizi sijiamini." Mtu aliyenifundisha kila kitu! Nilimtazama yule mwanamke niliyemwona mkali miaka miwili yote, nikaona mikono yake imelala mapajani kama haina kazi. Kiti cha dirishani sikitaki tena kwa njia hii. Kesho nasema. Nimeandika hapa ili nisirudi nyuma.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesema!

Nilimkuta anafungua mlango. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba." Nikasema yote kwa pumzi moja, wimbo, moshi, uzi wa rasta, pini. Nilipomaliza akasema, "Lete kiberiti."

Akaung'oa uzi, akaugusisha moto. Ukayeyuka, ukawa kijidonge cheusi, harufu ikajaa. Akakigeuzageuza kile kijidonge kwa njiti.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima."

"Mazima, shangazi."

"Juzi nimekwenda kupimwa, unajua? Nimeketi na wagonjwa nusu siku, kwa uzi wa plastiki!" Sauti ilipanda hapo, na nilistahili. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akanikazia macho. "Sijakusamehe bado. Nafurahi tu kwamba sijazeeka. Ni mambo mawili tofauti. Geuka."

Nikageuka. Akachukua mkasi, akakata kutoka kisogoni kwangu vishungi vitatu. Nikamwambia nywele zangu ni nyepesi mno kuruka. Akasema ndiyo sababu hasa. "Zangu zilikuwa zinangoja mvua ifike. Zako zinainusa ikiwa bado njiani."

Kuanzia kesho, kila saa, nanyoosha kimoja, natundika, nangoja dakika kumi, nasoma, naandika. Vitatu kwa zamu, visichoke. Chuma cha kichwa cha mteja sigusi. Kiti hakikutajwa, na mimi sikuuliza.

Jumamosi, 29 Machi

Saa mbili: mstari wa 1. Saa tatu: 1. Saa nne: 2. Saa tano: 3. Saa sita: 4. Saa saba: 4. Saa nane: 4. Saa tisa: 2, na anga bado jeupe! Nikapiga kelele, "Inakuja!" Dada wa Kucha akachungulia nje, akasema Mwavuli umechanganyikiwa. Saa tisa na dakika arobaini mvua ikashuka kama imekatwa kamba. Amenitazama kwa heshima kwa muda wa dakika mbili nzima.

Jumatatu, 31 Machi

1, 1, 2, 3, 4, 4, 3, 1. Mvua saa tisa na nusu.

Jumanne, 1 Aprili

1, 2, 2, 3, 4, 4, 4, 3. Imepita mbali. Shangazi sasa anakuja mwenyewe mlangoni kila saa inapogonga, anasimama nyuma yangu, anasoma nami.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku mbaya. Kishungi hakikuvuka 2 mchana kutwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda shuleni kwa Mwalimu wakati wa mapumziko. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta anasahihisha, rundo la madaftari mpaka kidevuni, nikamwambia kosa lilikuwa langu, shangazi alisoma alichotundikiwa, asimlaumu. Kalamu nyekundu haikusimama.

"Umekuja kuniomba nirudi?"

"Nimekuja jina la shangazi lisichafuke kwa ajili yangu."

Hapo kalamu ikasimama. Akauliza hicho kishungi kinakosea mara ngapi. Nikasema cha sasa hakikosei. Akasema kila mwanafunzi anayefeli humwambia hivyohivyo. "Una vipimo?"

"Ninavyo! Kila saa!"

"Fikisha wiki mbili, uniletee."

Nimerudi mbio, sikujali matope. Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka vipimo viko wapi. Viko humu. Humu humu, daftari moja na yale maneno ya kichwa kigumu kuliko nywele zake!

Jumatano, 9 Aprili

1, 1, 2, 4, 4, 4, 3, 2. Nimefikiria kuchana kurasa. Nimefikiria kunakili vipimo peke yake kwenye karatasi safi. Lakini nikinakili, Mwalimu atajuaje kwamba sikuvipamba? Nimeshamtundikia mtu kitu cha bandia mara moja.

Ijumaa, 11 Aprili

1, 1, 2, 3, 4, 4, 4, 2. Siku ya kumi na tatu ya vipimo. Kesho nampa daftari lote. Mwalimu, kama unasoma hapa, samahani kuhusu tarehe 8 Machi.

Jumanne, 15 Aprili

Limerudi! Limejaa wino mwekundu!

Kwenye "kichwa chake kigumu" ameandika: Sahihi. Kwenye ile siku ya rasta hakuna neno, alama ya vema tu, ndogo, pembeni. Kwenye "siku ya kumi na tatu": Hesabu tena. Ni ya kumi na mbili, Jumapili mbili hamfungui. Na ukurasa mzima wa nyuma amechora jedwali. Siku kumi na mbili. Siku kumi kati yake, kuanzia saa sita hadi saa saba, kishungi kilikuwa mstari wa nne. Saa mbili asubuhi, hakuna hata siku moja. Na chini yake: Wa ng'ambo wamenipangia saa kumi na mbili alfajiri. Nimewafuta. Ibada ni saa nane. Nitakaa kwenye kiti chenu saa mbili, mtanyoosha kishungi kikisema ndiyo, na si dakika moja kabla. Nataka zikae mpaka saa tisa. Baada ya hapo zifanye zitakavyo.

Nilimsomea shangazi kwa sauti. Akaniambia nirudie ile sehemu ya "kiti chenu".

Jumatatu, 21 Aprili

1, 2, 3, 4, 4, 4, 4, 3. Shangazi amenirudishia chuma. Nimekijaribu kwenye karatasi mara tatu kabla ya kusogea.

Ijumaa, 25 Aprili

2, 2, 3, 4, 4, 4, 3, 2.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika mpaka kalamu iishe.

Saa mbili: mvua kubwa, mstari wa kwanza. Mwalimu ameshaoshwa, amekaushwa, nywele zimevutwa kwa mikia minane ili zisijikunje kabla ya zamu yao. Mama yake amekaa mbele yetu na saa ya mkononi. Saa tatu: 1. Saa nne: 1. Mama akasimama.

"Jamani, mnangoja nini? Wenzetu wote wananyooshwa alfajiri!"

"Tunangoja unywele, mama," akasema Mwalimu.

"Unywele wa nani?"

"Wa huyu." Akaninyooshea kidole. Mama akakitazama kichwa changu, vibanio na vyote, akakaa chini kama mtu aliyesikia msiba.

Saa tano: 2. Mvua imepungua. Nikamtazama shangazi aamue. Akakunja mikono. "Nywele ni zako. Soma mwenyewe."

Saa tano na nusu: 2. Mama ameanza kusali kwa sauti. Dada wa Kucha amemaliza kucha za bibi harusi, za mama, na za mtu aliyeingia kukimbia mvua tu. Nikawaza zile siku mbili kati ya kumi na mbili. Kama leo ni ya tatu? Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeng'ang'ania kiti, na yeye alikuwa ananitazama kwenye kioo. Mtu huyu niliyemwona jeuri alikuwa anaogopa kama mimi, ila ameamua kuniamini kwa hesabu.

Saa sita kamili nikatundika kishungi cha tatu. Dakika mbili. Tano. Saluni nzima imesogea mlangoni. Dakika ya kumi, ncha iko mstari wa nne, haitikisiki! Nikaomba radhi kimoyomoyo, nikangoja dakika tano zaidi. Wa nne!

"Chuma motoni!" Nilipiga kelele mpaka mama akaangusha mkoba.

Shangazi kulia, mimi kushoto. Karatasi, chuma, kitana, chuma. Mikono ilikuwa inapokezana yenyewe. Saa saba na dakika tano tukaweka chini vyuma, na zile nywele zikalala mabegani nyeusi, nzito, zimetulia. Mwalimu akazigusa kwa ncha za vidole. Akafunga macho. Akatikisa kichwa kushoto na kulia taratibu, akacheka, akalia, mama akamfokea kwamba ataharibu wanja, kisha mama naye akalia.

Nilikwenda naye kanisani nikiwa na kishungi kwenye kipande cha kadi chenye mistari mitano, nimekificha kiganjani. Saa nane: 4. Saa nane na nusu, watu wanaimba: 4. Saa tisa kasoro dakika kumi kikaanza kunipanda kidoleni. Nikapenya katikati ya ndugu wa bwana harusi, nikamnong'oneza, "Picha, sasa hivi!" Akamshika mumewe mkono, wakatoka mbio, na mpiga picha nyuma yao. Zimepigwa zote kwenye ngazi, chini ya wingu jeusi, na hakuna hata unywele mmoja uliosimama.

Saa tisa na nusu mvua. Saa kumi, katikati ya kucheza, upande wa kushoto wa Mwalimu ukasimama, wangu! Kisha wa kulia. Alikuwa anaruka na wanafunzi wake, kichwa kimefumuka chote, akaniona, akanipigia kelele juu ya muziki:

"Dakika sitini za ziada! Nakupa maksi zote!"

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefika, nikatafuta mistari ya wanja mlangoni, haipo. Imefutwa. Shangazi akanionyesha kwa kidevu. Imechorwa upya kwenye fremu ya dirisha, kando ya kiti, usawa wa macho ya mtu anayesimama kufanya kazi.

"Masika hayajaisha, shangazi."

"Mimi ndiye mwenye saluni au wewe? Tundika."

Nilitundika huku naona ukungu, na si wa dirishani. Saa tatu akaingia mteja wangu wa kwanza, dada mmoja wa ofisini, akakaa kwenye kiti changu, akasema anataka kunyooshwa, ana mkutano saa tisa. Mteja wangu wa kwanza maishani! Nikasoma kishungi. Mstari wa pili. Nikatazama kiti, nikamtazama yeye, nikatamani kudanganya kwa nguvu zangu zote.

"Leo chuma kinalala, dada. Nikusuke?"

Akacheka, akachukua mkoba, akavuka barabara. Kiti changu kikabaki kinazunguka peke yake. Shangazi hakuinua kichwa, lakini niliona shavu lake limejaa tabasamu.

Saa nane na robo mlango ukasukumwa. Ni yule dada wa ofisini, amelowa mabegani, nywele zimesimama kila upande, ameacha kupigana nazo. Akatazama kwanza dirishani, kwenye mistari, kisha akanitazama mimi.

"Utawahi kunisuka kabla ya saa tisa?"

Nikakifuta kiti kwa kitambaa, nikakigeuza kimwelekee.